Sura ya Nne: Chupa Pacha

Chupa tupu ya wiski ilikuwa juu ya meza ya Inspekta Sumeya Muhdhar, na sisimizi walikuwa wakipanda shingo yake. Sumeya aliwatazama wakiingia ndani mmoja mmoja. Kisha akamwita Konstebo Kipketer kutoka chumba cha pili.

"Hii ilipatikana wapi hasa?"

"Kwa kabati ya mshukiwa, afande. Vyumba vya wafanyakazi, nyuma ya hoteli. Ilikuwa imefungwa na gazeti."

"Ukainusa?"

"Si ni chupa ya wiski? Ingenuka nini, maziwa?"

Sumeya hakuwa ameonja pombe maishani mwake. Alizaliwa na kulelewa karibu na msikiti wa Kitale, na kinywaji kikali alichokijua ni kahawa ya baba yake. Lakini pua haihitaji kunywa. Alinusa mdomo wa chupa, akaingiza kidole shingoni, akakitoa. Kidole kilinata. Akamsogezea Kipketer chupa.

Kipketer alinusa mara moja tu, na uso wake ukabadilika.

"Asali," alisema. "Tena ya msituni. Kwetu Kapsokwony wanauza barabarani kwa chupa kama hizi. Ya wiski ndiyo wanapenda, kifuniko chake hakivuji."

"Kwa hiyo umenikamatia chupa ya asali."

"Nimekamata chupa, afande. Asali ilikuwa imeisha."

Sumeya alitaka kucheka, akajizuia. Chupa hiyo ndiyo iliyomtia kijana ndani, na sasa haikuwa na maana tena.

Ijumaa jioni Mbugua, mwenye Hoteli Kipepeo, alikuwa amewaalika wageni wachache kuonja kinywaji ambacho baa za Kitale hazikuwa nacho: Armagnac, brandi ya kusini-magharibi mwa Ufaransa, iliyochanganywa kutoka mavuno ya miaka mitatu ya zamani. Chupa yenyewe aliachiwa na Mfaransa mnunuzi wa kahawa aliyelala hotelini hapo mwaka uliopita, 2005. Mgeni wa heshima alikuwa Kagwe, mhudumu wa ndege mstaafu, aliyewamiminia matajiri vinywaji angani kwa nusu ya maisha yake. Kagwe alionja, akaiweka glasi chini, akasema mbele ya wote kwamba chupa ile ilikuwa imetiwa wiski. Wengine wakaonja, nao wakasikia moshi kooni. Wabwile, kijana wa baa aliyekaa na chupa ile tangu asubuhi, alilala seli usiku huo huo, akishukiwa kuiba brandi na kujazia wiski pengo lake.

Leo ilikuwa Jumamosi. Jumatatu angepelekwa mahakamani kwa wizi wa mtumishi. Mkemia wa serikali angechukua wiki nyingi kujibu, na hata kama jibu lingekuwa zuri, lingefika baada ya jina la kijana kusomwa mbele ya hakimu. Hakuna hoteli ambayo ingemwachia chupa tena.

"Mlete," Sumeya alisema.

Wabwile aliingia akiwa ameshika suruali kwa mkono mmoja, kwa kuwa mkanda wake ulikuwa umebaki kaunta. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na nne. Alikaa kwenye ncha ya kiti.

"Asali ya nani?" Sumeya alimuuliza.

Wabwile alitazama chupa. "Yangu, madam. Nilikuwa natia kwa chai. Nimeambia hawa maafande tangu jana."

Kipketer alijikuna shingo.

"Umewaambia hilo. Kuna jingine hukuwaambia. Mpishi anasema alikuona jikoni asubuhi ya Ijumaa, umeinua glasi ndogo mdomoni, na chupa ya Mfaransa iko mbele yako."

Kijana alivuta suruali yake juu.

"Nilikuuliza jana kama uligusa kinywaji kile. Ulinidanganya."

"Sikudanganya, madam. Nilinyamaza."

"Leo usinyamaze."

Wabwile alipumua. "Kwetu Bungoma, huwezi kumpa mgeni kinywaji ambacho nyumba haijaonja. Mwenye nyumba anatangulia, mgeni akiwa anaona, ndiyo ajue hakuna ubaya ndani. Sasa Mzee Mbugua hanywi, ni mtu wa kanisa. Nikajiuliza, nani ataonja kwa niaba ya nyumba? Wageni wakubwa hivyo. Nikaonja mimi. Kidogo tu, ya kulowesha ulimi."

"Kwa nini ujifiche jikoni?"

"Sheria ya hoteli. Mtu wa baa akionja cha mgeni, anaenda nyumbani. Nikafanya ya kwetu, lakini nikajificha juu ya ile ya hoteli."

"Ulionja wakati gani?"

"Mzee alivunja nta ya kizibo mwenyewe, kwa ofisi yake, akanipatia niende nayo. Nilitoka hapo nikaingia jikoni, nikaonja."

"Ukasikia nini?"

"Moshi," Wabwile alisema. "Nikadhani ndivyo iko. Mimi kitu ya namna hiyo ningeijulia wapi?"

Sumeya aliacha kuandika. Kama kijana alikuwa akisema kweli, basi moshi ulikuwa ndani ya chupa nta ilipovunjwa, na kutoka ofisini hadi jikoni hapakuwa na nafasi ya kumimina chochote. Kama alikuwa akisema uongo, ulikuwa uongo wa ajabu, kwa sababu ulimweka mwenyewe jikoni na chupa mkononi.

"Mrudishieni mkanda wake," alimwambia Kipketer. "Hatajinyonga huyu. Ana hasira sana."

*

Mbugua aliwapokea kwenye ukumbi wa hoteli. Kagwe alikuwa kando yake, amevaa koti la kijivu na tai, na hakuonekana mtu aliyefurahia yaliyotokea.

"Bwana Kagwe," Sumeya alianza, "naomba unifundishe. Mimi sinywi. Ulijuaje?"

"Armagnac ya umri ule inanukia matunda yaliyokaushwa, vanila kidogo, ngozi ya viatu vizuri. Hivyo vyote vilikuwapo. Lakini chini yake kulikuwa na moshi wa wiski ya Uskoti. Nimeinusa wiski ile miaka mingi, Inspekta. Siwezi kukosea."

"Mtu angeweza kuchanganya vizuri hivyo, kwa haraka, jikoni?"

Kagwe alifikiri. "Hilo limenisumbua. Ukitia wiski kwenye brandi, vinapigana mdomoni. Hivi havikupigana. Lakini vilikuwapo viwili."

"Hukusema hivyo kwenye taarifa yako."

"Hakuna aliyeniuliza."

Mbugua alikohoa. "Inspekta, mimi sina ubaya na kijana. Lakini nilidharauliwa mbele ya watu. Wanasema Mbugua anauzia wageni maji ya mto. Lazima mtu ajibu."

"Lazima mtu sahihi ajibu, mzee. Chupa ile ilikaa wapi mwaka mzima?"

"Ofisini, ndani ya sefu. Ufunguo ni mmoja na ninalala nao."

"Nani mwingine alijua iko humo?"

"Kila mtu. Sikuificha. Hata picha iko pale."

Alionyesha ukuta nyuma ya mapokezi. Katika picha, Mfaransa mrefu mwenye kofia ya majani alikuwa akimkabidhi Mbugua sanduku jembamba la mbao. Wote wawili walikuwa wakicheka. Sumeya alisogea karibu. Hakuwa akiwatazama watu. Chini ya kwapa la Mfaransa kulikuwa na kitu kimebanwa, nusu yake imefichwa na mkono wa shati.

"Mzee Mbugua, yeye ana sanduku la pili."

Mbugua alivaa miwani. "Ah, hiyo. Hiyo haikuwa yangu. Alisema anampelekea mwenyekiti wa chama cha kahawa huko Bungoma. Nyongesa fulani."

"Ni kinywaji kile kile?"

"Alisema ni pacha, zimejazwa siku moja."

Sumeya alimgeukia Kagwe. "Kama pacha huyo hajafunguliwa, na ukimwonja, utajua kama Wabwile alitia kitu?"

"Mara moja," Kagwe alisema. "Ile safi haitakuwa na moshi." Kisha akaongeza, polepole zaidi, "Lakini ni mwaka mzima, Inspekta. Nani anakaa na chupa ya namna hiyo mwaka mzima bila kuifungua?"

*

Njia nzima, kupitia Kiminini hadi Webuye na kushuka Bungoma, Kipketer alikuwa na maoni hayo hayo.

"Imeisha, afande. Mwenyekiti wa kahawa, marafiki wake, Krismasi moja. Tutapata chupa ina mafuta ya taa."

"Au asali."

"Hiyo utanikumbusha mpaka nistaafu."

Nyumba ya Mzee Nyongesa ilikuwa nje kidogo ya mji, na uwanja wake ulikuwa umeanikwa mahindi. Mkewe, Agneta, aliwakaribisha kwa salamu ya mulembe, akawawekea viti na kuwaletea chai kabla hawajasema walilolijia. Nyongesa alikuja akifuta mikono, mtu mpana mwenye sauti ya chini. Alipoona kitambulisho cha polisi aliketi bila haraka.

"Kahawa imeibwa tena?"

"Hapana, mzee. Natafuta chupa ambayo Mfaransa alikuachia mwaka jana."

Agneta alicheka kutoka mlangoni. "Ati hiyo. Afisa, kama umekuja kuichukua, nitakubeba mgongoni. Nimepanguza vumbi yake mwaka mzima. Hainyweki, haitupwi, iko tu pale kama bwana harusi anangojea bibi."

Juu ya kabati ya vyombo, kati ya redio na birika la wageni, kulikuwa na sanduku jembamba la mbao. Sumeya aliomba ruhusa, akalifungua. Chupa ilikuwa imejaa hadi shingoni, na nta nyekundu juu ya kizibo haikuwa na mkwaruzo. Kipketer aliinama kuitazama, kisha akanyooka.

"Kwa nini hukuifungua, mzee?"

"Aliyeileta hakuonja," Nyongesa alijibu, kama mtu anayeeleza jambo ambalo hata mtoto analijua. "Mtu akikuletea kinywaji, anaonja yeye kwanza, halafu anakupatia. Yule mzungu aliiweka mezani. Nikangoja. Yeye pia akangoja. Nikamwambia, karibu. Akasema ana gari ya kuendesha. Akaenda."

"Na hukumwambia desturi?"

"Nimfundishe mgeni adabu kwa nyumba yangu? Hapana. Alisema atarudi msimu wa kahawa. Akirudi ataonja, tutakunywa."

"Alikuwa ananiuliza kama mzungu ameiwekea sumu," Agneta alisema. "Nikamwambia, kahawa yako yenyewe ndiyo itamuua mzungu kwanza."

Sumeya aliweka sanduku mezani. Alimweleza Nyongesa yote: wageni wa Ijumaa, moshi, kijana aliye seli, na Jumatatu. Hakuongeza wala hakupunguza. Alipolitaja jina, aliuliza, "Wabwile huyu unamjua? Ni ndugu?"

"Akina Wabwile hapa ni wengi kama miwa. Huyo simjui."

"Ninaomba chupa hii ifunguliwe mbele ya mlalamishi. Siwezi kukulazimisha leo. Ni yako."

Nyongesa alifuta nta ya chupa kwa kidole gumba. Kuku waliingia kwenye mahindi, na Agneta akatoka kuwafukuza.

"Huyo kijana alifungiwa kwa nini, umesema?"

"Walidhani ameongeza wiski. Na mpishi alimwona akionja jikoni."

"Akionja kwa nini?"

"Anasema hakuna mtu wa nyumba aliyeonja kabla ya wageni."

Nyongesa alisimama, akaingia ndani, akarudi amevaa koti na kofia.

"Sitakupatia uende nayo," alisema. "Nitaibeba mwenyewe. Na kijana awe hapo."

*

Jumapili mchana, baada ya Mbugua kutoka kanisani, walikaa kwenye ukumbi wa Hoteli Kipepeo uliofungwa kwa wateja. Sumeya alikuwa ameleta glasi mpya alizonunua Webuye, bado zikiwa na vibandiko vya duka chini. Aliweka mezani kielelezo cha kwanza, chupa ya Ijumaa na kilichobaki ndani yake. Kando aliweka brandi ya kawaida ya hoteli. Katikati, Nyongesa aliliweka sanduku lake.

Kipketer alimleta Wabwile bila pingu. Mbugua alitazama kando.

Nyongesa alivunja nta mbele ya wote kwa kisu chake cha mfukoni. Kizibo kilitoka kwa sauti ndogo. Kisha akauliza, "Nani wa nyumba hii anaonja kwanza?"

"Bwana Kagwe ndiye mtaalamu," Mbugua alisema.

"Bwana Kagwe ni mgeni kama mimi. Nauliza wa nyumba."

Mbugua alikunja mikono yake mezani. "Mimi sinywi, mzee. Niliacha."

"Basi nyumba yako inaonjewa na nani?"

Mbugua aliinua macho, akamtazama Wabwile kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa.

"Na yeye," alisema.

Nyongesa alimimina tone kwenye glasi, akamnyoshea kijana. Wabwile alimtazama Sumeya. Sumeya akatikisa kichwa kukubali. Wabwile alionja akiwa amesimama wima, watu wote wakimwona, akaiweka glasi chini.

"Haina ubaya," alisema.

Sumeya alimwomba Kagwe ageukie dirisha. Alimimina mwenyewe katika glasi tatu, akaweka alama chini ya kila moja, akazibadilisha nafasi huku Kipketer akitazama. Kagwe aligeuka na kuanza kazi. Hakuwa na haraka. Alinusa ya kwanza, akaisukuma mbali.

"Hii ni ya dukani."

Alichukua ya pili. Alinusa, akaonja, akafumba macho. Alichukua ya tatu, akafanya vivyo hivyo, akarudi kwa ya pili.

"Hizi mbili ni kitu kimoja," alisema. "Zote ni za Ijumaa. Zote zina wiski."

"Una hakika?"

"Ningeapa."

Sumeya aliinua glasi ya pili ili aone alama yake, kisha ya tatu. "Hii inatoka kwenye chupa ya Ijumaa. Hii inatoka kwenye chupa ambayo Mzee Nyongesa ameifungua sasa hivi mbele yako."

Kagwe aliichukua tena glasi ya tatu, akainusa. Mbugua alianza kusema kwamba labda Mfaransa mwenyewe aliwachezea, lakini Kagwe aliinua kidole kumwomba angoje.

"Havipigani," Kagwe alisema, kama anayejisemea. "Tangu Ijumaa nasema havipigani." Aliishika glasi kuelekea dirishani na kuitazama rangi yake. "Hakuna aliyemimina wiski humu. Ni pipa. Waliitengeneza, wakaichanganya, halafu wakailaza miezi ya mwisho kwenye mapipa yaliyowahi kuwa na wiski. Mbao ndizo zimetoa moshi. Nilisikia habari za watu wanaojaribu hivyo. Sikuwahi kuionja."

"Kwa hiyo hakuna aliyeiba," Sumeya alisema.

"Hakuna aliyeiba."

Kipketer alisogea karibu na meza. "Afande, kama shahidi wa ziada, ningeweza..."

"Uko kazini."

"Niko kazini," Kipketer alikubali, akarudi mlangoni.

Mbugua alivua miwani, akaipangusa kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. "Inspekta, naondoa malalamiko."

"Utakuja kituoni uandike leo. Si kesho."

"Leo. Nitakuja na gari yangu." Alimgeukia Nyongesa. "Na chupa yako, mzee? Tumekuharibia."

"Yule mzungu akirudi ataikuta imepungua," Nyongesa alisema. "Nitamwambia sababu. Hawezi kukasirika. Hata yeye ana vijana nyumbani, alinionyesha picha."

Kagwe alikuwa amesimama mbele ya Wabwile.

"Kijana, nilisema neno kubwa juu yako mbele ya watu."

"Ndiyo, mzee."

"Glasi niliijua. Mtu sikumjua, na sikujaribu kumjua. Unisamehe."

Wabwile alitazama sakafu. "Huko ndani nilikuwa na hasira na wewe sana."

"Bado unayo?"

"Imebaki kidogo. Itaisha."

Kagwe alipokea jibu hilo kama alivyopokea glasi, bila haraka. Kisha akauliza, "Wewe, ukiacha moshi, unasikia nini humu?"

"Ndizi," Wabwile alisema baada ya kufikiri. "Ile imeiva mpaka ganda limekuwa nyeusi."

"Ndizi? Hapana. Hiyo ni zabibu kavu."

"Mzee, hiyo ni ndizi."

"Keti hapa tubishane vizuri."

Wabwile hakuketi. Kwa muda wote aliofanya kazi pale, viti vya meza hiyo alikuwa amevipanguza tu. Alimtazama mwenye hoteli. Mbugua aliinuka, akavuta kiti chake mwenyewe na kumsogezea, kisha akaenda nyuma ya kaunta kutafuta glasi nyingine.